Kodi ya Ufagio

Kinyaa changu kilianzia kwenye ufagio. Uchafu sina ugomvi nao. Nimekulia kwenye moshi na mavi ya mbuzi, nimelea watoto wakinikojolea mgongoni huku napalilia mtama, sikuwahi kutapika. Kilichonichefua ukubwani ni macho ya watu juu ya uwanja wangu.

Huku kwetu, vijiji vya Mnero, uwanja wa mbele ya nyumba unafagiwa alfajiri, kabla hajapita mpita njia wa kwanza. Unainama na ufagio mfupi wa vijiti, unarudi kinyumenyume ili usikanyage ulipofagia, mpaka vumbi linabaki na mistari kama nywele zilizochanwa. Mtu akipita anaisoma ile mistari. Anajua mwenye nyumba kaamka, mzima, hana mgonjwa ndani. Majani yakikaa mpaka jua limepanda, watu wanapunguza mwendo. Yakikaa na kesho yake, wanaingia.

Majina ya wote ninaowasema humu ninayo. Mimi jina halinipotei. Naweza kukutajia wasichana wote niliochezwa nao unyago, na mama zao, na nani aliolewa na nani. Lakini sitaandika hata moja, kwa sababu karibu wote wako hai na kila asubuhi wanapita mbele ya uwanja huohuo. Naandika kwa herufi nilizofundishwa kwenye kisomo cha watu wazima, taratibu, kwa hiyo nivumilieni.

Hesabu ya nguvu nilijifunza kwa mama yangu, ingawa yeye alikuwa akihesabu unga. Miezi ile mvua imekolea na mtama bado uko shambani, ghala linaonyesha sakafu, mama alikuwa na kibuyu kilichokatwa kinywa. Alichota unga asubuhi, mapema, kabla mtu hajalia njaa. Alichochota ndicho kilikuwa siku yetu. Akija mgeni, ugali unagawanywa tena, unga hauongezwi. Shangazi mmoja alimwambia, "Wewe mwanamke mchoyo, watoto wanalia na unga upo." Mama akajibu, "Njaa ni mwongo. Ukimsikiliza anakula na mbegu."

Basi mume wangu alipofariki, na watoto wakatawanyika, na magoti yakaanza kuniuma, nikakitafuta kile kibuyu kichwani. Kila nikiamka, kabla sijashusha mguu chini, najiuliza leo nimepewa kibuyu kizima au nusu. Mwili unajibu. Halafu nagawa. Kuna swala tano, hizo hazipunguzwi. Kuna ndoo ya maji kutoka bombani, moja, si mbili, na nikitaka ya pili basi siku hiyo sitwangi. Mbaazi napika chungu kimoja nile leo na kesho. Vyombo naviloweka, naviosha mara moja, nimekaa chini na miguu nimeinyoosha, kwa sababu kuosha vyombo umeinama ni kutupa nguvu bure. Makopa ya muhogo natwanga siku ambayo sendi popote. Kuni sitafuti kila siku, naokota njiani nikitoka kwingine. Hivyo niliishi, na niliishi vizuri, hakuna aliyejua kwamba nyumba yangu inaendeshwa kwa kipimo.

Ikaja miezi ya kiangazi. Nyuma ya nyumba nina mikorosho, michache, aliiacha marehemu. Korosho kabla hazijaanza kudondoka lazima usafishe chini ya miti, ufyeke nyasi, ukusanye majani, la sivyo korosho inaangukia kwenye nyasi na wewe unaitafuta kama sindano. Kazi ile haisubiri, na kwangu mimi ndiyo chumvi, sabuni na dawa za mwaka mzima. Nikaamka asubuhi, nikajipima, nikaona kibuyu kinatosha mikorosho au kinatosha uwanja. Viwili haviwezekani. Nikasema basi, uwanja ungoje. Majani ya mwembe wa jirani yakaanguka mbele ya mlango wangu, nikayaruka, nikaenda nyuma na panga langu.

Siku ya kwanza ikapita. Siku ya pili, nimeinama chini ya mkorosho, nasikia sauti mbele ya nyumba.

"Hodi wenyewe. Maiti iko chumba gani?"

Alikuwa jirani yangu, bibi mwenzangu, Mmakua, ambaye wazazi wake waliingia kutoka Msumbiji. Mimi ni Mmwera, yeye mtani wangu, na mtani ndiye anayetakiwa aje kwenye msiba wako kukutukana huku wengine wanalia. Nikatoka na panga mkononi. Amesimama katikati ya majani yangu na kanga nyeusi begani, na bakuli la unga.

"Maiti gani?" nikamuuliza.

"Si yako. Uwanja umeota majani tangu jana. Nikasema mtani wangu kaondoka bila kuniaga, ngoja niwahi na unga wa msiba."

"Maiti yuko nyuma anasafisha mikorosho."

"Ndivyo mlivyo Wamwera. Hata mkifa mnafuata korosho."

"Na wewe umewahi ili ule wali wa msiba ungali wa moto."

"Kwa hiyo leo hufi."

"Leo sifi."

"Basi nilipe miguu yangu. Nimeacha mboga jikoni."

Tukacheka. Yeye hakunichefua. Akakaa kwenye kigoda, akala muhogo wangu wa kuchemsha, akarudi kwake na unga wake. Lakini yeye alikuwa mlango tu. Nyuma yake walikuja wengine, na hao hawakuwa watani.

Alikuja mke wa jirani wa upande wa pili, kisha mama wawili wanaosali kanisani misheni, kisha wale wa msikitini kwetu. Kila aliyeingia ilibidi nimtolee mkeka. Kila mmoja ilibidi nimwambie habari za tumbo, za mgongo, za usingizi. Huwezi kumwacha mgeni bila maji ya kunywa, basi ndoo yangu moja ikaisha kabla ya adhuhuri, ikanibidi kuteka ya pili. Nikapiga hesabu jioni. Kufagia kungenigharimu kiasi. Kutofagia kulikula kibuyu chote, na mikorosho sikuigusa.

Na macho yao. Hapo ndipo mate yalipojaa mdomoni. Wanakuuliza "umeamkaje" huku jicho linapita begani kwako kwenda jikoni. Mmoja alinyanyuka akasema anatafuta maji ya kunawa, wakati maji ameyaona pale mlangoni. Nikamsikia anafunua mfuniko. Anafunika. Anafunua mwingine. Akarudi na uso wa mtu aliyeona alichokijia.

Baadaye akaja mwenyekiti wa kitongoji. Kijana, nilimwona akizaliwa, nilishika miguu ya mama yake. Akasimama wima mbele yangu, akasema, "Shikamoo bibi. Watu wanasema hali yako siyo nzuri."

"Marahaba. Watu gani?"

"Watu tu, bibi."

"Hali yangu ni nzuri. Uwanja ndio mgonjwa."

Hakucheka. Aliandika namba ya mwanangu kwenye simu yake, na mimi mwenyewe ndiye niliyempa, nikidhani ni kwa ajili ya mambo ya kijiji.

Mwanangu mkubwa anaishi Ruangwa mjini. Ana duka la misumari, mabati na rangi. Alifika kesho yake kwa gari la kukodi, na kufika kwa gari huku akija kwa kawaida na pikipiki ni dalili kwamba alikuja kubeba kitu. Akasimama uwanjani. Hakuniangalia mimi kwanza. Aliangalia chini, kwenye majani, kisha akaangalia barabarani nani anamtazama akiangalia majani. Halafu ndiyo akasema shikamoo.

Akaingia jikoni moja kwa moja. Nilikuwa na chungu pembeni, mbaazi za juzi zilizochacha, zimeota ukungu mweupe kama mvi. Nilikuwa nimeziweka kwa ajili ya bata wa mtani wangu. Akafunua. Ile harufu ikatoka, nami nikiri ilitoka hasa.

"Mama. Hiki ndicho unachokula?"

"Cha bata."

"Mama, huna bata."

"Bata wa jirani."

Akafunika chungu polepole, kama anavyofunikwa mtu. Hakuniamini. Nikaona machozi yanamlenga, na nikajua maneno yangu hayatafika kokote. Mtu akishakulilia ukiwa hai huwezi tena kubishana naye.

"Tunakwenda nyumbani," akasema.

"Nyumbani ni hapa."

"Nyumbani kwangu, mama. Utakaa tu. Hutashika kitu. Nyumba hii tutaifunga, mikorosho nitaikodisha kwa mtu."

Alivyosema "nitaikodisha", ndipo nilipoelewa kinachoondoka. Nilikuwa naondolewa jiko langu, na mlango wangu, na asubuhi yangu ya kujiuliza leo kuna kiasi gani. Nikitoka na mikorosho ikashikwa na mtu mwingine, sitarudi tena. Nimeona bibi kadhaa wakichukuliwa hivyo. Wanarudi kuzikwa.

Nikamwambia, "Nitakuja, lakini mikorosho usimpe mtu mpaka korosho zianze kuanguka. Acha niangalie kwanza." Akakubali kwa sababu alidhani nikishakaa kwenye sofa nitasahau.

Ruangwa mji umekua. Kuna lami, kuna taa za barabarani, kuna maduka yanayouza vitu nisivyojua vinatumika wapi. Nyumba ya mwanangu ina vigae chini, na choo ndani. Choo kile kiko ubavuni mwa jiko, ukuta mmoja. Mtu yuko upande huu anakaanga samaki, mwingine yuko upande ule anajisaidia, wanasikilizana. Mimi siku ya kwanza chakula kilinishinda. Nilikuwa nikitia tonge mdomoni nasikia maji yanashuka. Wakadhani sipendi wali.

Na lile dekio. Linaanzia chooni, linaingia koridoni, linafika sebuleni, ndoo ileile, maji yaleyale, yametiwa dawa yenye harufu ya maua. Wenyewe wanasema pamesafishwa. Kwangu chungu kiliota ukungu wakaona ni uchafu, kwao choo kimepakwa sebule nzima, na wote wanavuta pumzi na kusema panapendeza. Nilijifunga mdomo. Ugenini unameza.

Mkwe wangu, mke wa mwanangu, anafanya kazi ofisini. Ni mwanamke mwema, nasema kweli, lakini kwa nguvu zake ni kama mlevi siku ya mshahara. Jumamosi anaamka na moto. Anashusha mapazia yote, anafua. Anasogeza makabati, anafuta nyuma yake ambako hakuna jicho lililowahi kufika. Anaosha mazulia, anaosha mlango wa geti. Jioni hana sauti. Jumapili analala na kitambaa kichwani, watoto wakimgusa anawafokea, chakula kinanunuliwa chipsi. Jumatatu anaondoka kazini amechoka kuliko alivyorudi Ijumaa. Nilikuwa namtazama nikiumwa, kama unavyoumwa ukimwona mtu anamwaga unga njiani.

Siku moja nilimwambia, nikiwa pale kwenye sofa lao lenye plastiki inayonata mapajani, "Mwanangu, hayo mapazia yangengoja wiki mbili."

Akasema, "Hapana, mama. Mkwe akija akakuta mapazia yana vumbi atasema nini."

"Mkwe yupi anakuja?"

Akalikamua pazia. Kisha akasema chini chini, "Mama mkwe. Si ndiyo wewe, mama."

Jamani. Nikaangalia mapazia yananing'inia kwenye kamba yakidondosha maji. Mimi niliyekimbizwa kwangu na macho ya watu, kumbe na mimi nimeingia na yangu mawili, nimeyaweka sebuleni, na huyu mtoto wa watu anayalipia kila Jumamosi. Nilimwambia, "Mimi sioni mbali," ambayo ni kweli nusu. Hakuacha kufua, lakini tangu siku hiyo alikuwa akikaa chini kidogo katikati ya kazi, na mara moja alikaa karibu nami tukala embe.

Nisipotoshe. Walinitunza. Lakini walinikataza kila kitu. Nikinyanyua sahani, "Mama, acha." Nikishika ufagio, "Mama, pumzika." Nikitaka kufua kanga yangu mwenyewe, inanyakuliwa. Mwanzoni nikajiambia vizuri, hii ndiyo akiba. Nguvu za leo sijazitumia, za jana sijazitumia, zinarundikana mahali, nikirudi Mnero nitakuwa na ghala. Ndivyo unga ulivyo. Usipoupika upo.

Miguu ikaanza kuvimba. Kutoka kitandani ikawa safari. Nikajiambia ni hewa ya vigae.

Kisha ikawa adhuhuri moja. Mkwe kazini, watoto shuleni, nimebaki peke yangu na televisheni ambayo sijui inavyozimwa. Nikatandika mswala, nikaswali. Rakaa ya mwisho nikasujudu, na nikasema maneno yangu, na nikataka kuinuka, na magoti yakakataa. Nikasukuma mikono. Mikono ikatetemeka ikalala. Nikabaki hivyo, paji la uso chini, naona uzi mmoja wa mswala karibu sana na jicho.

Nikasikia geti. Mwanangu amerudi kula. Nikasikia viatu, vikaishia mlangoni. Nikangoja anishike. Hakunishika. Aliniona nimesujudu, akajua naswali, akanyata kwa adabu akaenda mezani. Nikamsikia anakula. Anakula polepole, anaweka kijiko taratibu asinipigie kelele. Nilitaka kuita na sauti ilikuwa ikiishia kwenye mswala. Amemaliza. Amekaa. Hatimaye nikamsikia anasema, kwa upole, akijisemea mwenyewe, "Leo mama ana mengi ya kumwomba Mungu."

"Niinue," nikasema.

Akanyanyuka, kiti kikaanguka. Akaniinua kwa makwapa kama anavyoinuliwa mtoto anayefundishwa kusimama. Alikuwa na harufu ya rangi ya mafuta na samaki. Nilimwangalia nikaona ameogopa, na mimi nilikuwa nimechefuka, safari hii na mwili wangu mwenyewe uliolala kwenye mswala kama kitu kilichoachwa.

Pale kwenye kiti, nikisubiri moyo utulie, ndipo nilipoona nilivyokosea hesabu. Mama alikuwa sahihi juu ya unga. Lakini nguvu za mzee si unga. Ni bibo, tunda la mkorosho. Bibo likianguka asubuhi ni tamu, unaweza kulinyonya mpaka maji yakakutiririka kiwikoni. Ukiliweka mpaka kesho limechacha na lina nzi. Hakuna ghala la mabibo duniani. Unalila leo au linaoza leo. Kipimo changu cha kule nyumbani kilikuwa sahihi kwa sababu nilikuwa nakimaliza kila siku.

Nikamwambia mwanangu, "Nirudishe."

"Mama, umeanguka sasa hivi."

"Sikuanguka. Nilishindwa kuinuka. Kule nilikuwa nainuka."

"Kule ulikuwa unakula uchafu."

"Kile kilikuwa cha bata. Mpigie mtani wangu umuulize."

Akapiga, mbele yangu, akaweka sauti kubwa. Mtani akasikika, kuku wanalia nyuma yake. Mwanangu akamuuliza habari za bata. Mtani akasema, "Ninao. Na wanakonda tangu mlipombeba yule maiti. Mwambieni korosho zimeanza."

Mwanangu akakata simu. Halafu akatoa kilichokuwa rohoni, na nilimheshimu kwa kukitoa.

"Mama, mimi bata nakubali. Vyombo nakubali. Lakini ule uwanja. Mtu anapita barabarani anaona uwanja wa mama yangu umeota majani. Atasema nini? Atasema mtoto yuko Ruangwa anauza mabati, mama anaoza kijijini. Dukani kwangu watu wa Mnero wanakuja kununua misumari. Wananiangalia."

Kumbe ndiyo hiyo. Hakuna goti hapo wala chungu. Nilikuwa nimehamishwa kwa sababu ya majani ya mwembe wa jirani. Kinyaa kikanipanda mpaka kooni, nikakimeza, kwa sababu nilikuwa nataka nyumba yangu kuliko nilivyotaka kumwambia ukweli wote.

"Nikifagia mbele," nikasema, "kuanzia mlangoni mpaka barabarani, kila alfajiri, utaniacha?"

"Na nyuma?"

"Nyuma hapitii mtu."

Akafikiria kama mtu anayeuziwa kitu chenye ufa. "Mbele kila siku," akasema.

"Kila siku."

Alinirudisha mwenyewe. Mkwe alinifungia sabuni na kitambaa cha mezani, akanishika mkono muda mrefu kuliko kawaida yake. Njia nzima tangu tunatoka Ruangwa mabibo yalikuwa yameiva mikoroshoni, mekundu kwa manjano, na kila kijiji harufu ileile ya mabibo yaliyochacha inaingia dirishani.

Nyumbani, uwanja wa mbele ulikuwa pori. Mwanangu aliufagia mwenyewe, akiwa na shati lake la mjini, na aliinama vibaya. Mimi nikapita pembeni kwenda nyuma kwenye miti.

Nilitegemea hasara. Korosho za mwanzo ziko chini, nyasi nusu nilizoacha, wezi, mbuzi. Nikakuta nzi. Nzi weusi kama shuka, juu ya maganda ya mabibo yaliyokamuliwa, yamerundikwa yakioza jua kali, mpaka nikafunika pua na mtandio. Na chini ya kila mkorosho, lundo. Lundo safi la korosho, zimetenganishwa na mabibo, zimewekwa juu ya makuti makavu.

Mtani wangu anapika uraka. Mimi pombe sinywi na harufu yake inanigeuza tumbo tangu ujana, yeye anakamua mabibo, anaacha yachache, walevi wanakuja kwake mpaka jioni na kuimba nyimbo za matusi. Lakini desturi ya huku ni moja, na hata mlevi anaijua: bibo ni la aliyeliokota, korosho ni ya mwenye mti. Unaokota, unaitoa korosho, unaiacha pale. Muda wote niliokuwa nimelala kwenye plastiki ya Ruangwa, yeye na wateja wake walikuwa wakiinama chini ya miti yangu, na kazi iliyokuwa ikinivunja mgongo ilifanywa na watu ninaowapita nikigeuza uso.

Akatokea kwenye uchochoro, ndoo kichwani.

"Umefufuka," akasema.

"Umenijazia nzi."

"Na korosho je, zimejileta?"

"Walevi wako wametema chini ya mti wangu."

"Wametema, ndiyo. Unataka waje kesho au nisiwaambie?"

Nikaangalia yale malundo. Nikapima. Kuinama kuokota, siku nzima, kungekula kila kitu nilicho nacho. Kukaa chini na kuanika kungekula nusu. Nikameza mate.

"Waje," nikasema. "Makapi wayachukue. Na wasiimbe."

"Kuimba wataimba," akasema mtani, akaenda zake.

Ndivyo msimu ulivyokwenda. Walikuja, wakaokota, wakanitukana kidogo, mimi nikawatukana, nikakaa na ungo wangu kivulini nikichambua mbovu na nzuri. Miguu ikashuka uvimbe. Nikisujudu nainuka, polepole, nikishika mkeka, lakini nainuka.

Na mbele ya nyumba nafagia. Kila alfajiri, kabla ya ndoo, kabla ya chungu, kabla ya chochote kinachonifaa, nachota kutoka kwenye kibuyu cha siku na kuwapa watu wa barabarani. Nafagia kutoka mlangoni mpaka njiani, upana ambao jicho la mpita njia linafika, na pale jicho linapoishia, ufagio wangu unaishia. Upande wa pili wa kona ya nyumba majani yamelala unene wa kiganja, na kuku wa mtani wanayachakura.

Juzi yule mwenyekiti kijana alipita na baiskeli. Akapunguza mwendo, akaitazama mistari, akatabasamu.

"Shikamoo bibi. Naona sasa u mzima kabisa."

"Marahaba," nikamjibu, nikiwa nimeshika kiuno.

Alikuwa ameshapita. Hakuniangalia. Aliisalimia ile mistari. Nikatema mate pembeni, kisha nikayafagia, nikaenda nyuma kuona kama walevi wamefika.